Nipo Pantoni: Uongo Unapoota Sugu

Barua ya mwezi huu imetoka Kigamboni. Dada mmoja anaeleza kwamba kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, humpigia mumewe simu kumwuliza alipo, na kila jioni jibu ni lile lile: "Nipo pantoni, mama watoto, tumeshaondoka Magogoni." Basi yeye huinjika sufuria ya wali. Wali unaiva, unapoa, watoto wanakula wanalala, na bwana anaingia saa tatu kasoro. Juzi, bwana akiwa anaapa kwamba yupo katikati ya maji, dada akasikia nyuma ya sauti yake mpiga debe akinadi: "Buguruni, Buguruni, siti zipo!" Pantoni, dada anaongeza, haipiti Buguruni.

Anauliza maswali mawili. La kwanza: kuna alama gani ya kumtambua mtu anayedanganya, maana siku hizi mumewe "hata macho haniangalii"? La pili ni hili, na nalinukuu kama alivyoliandika: "Tulipooana alikuwa akichelewa dakika kumi ananipigia mwenyewe, sauti inamtetemeka. Sasa anadanganya kama mtu anayeagiza chai. Kitu gani kimemtoka?"

La kwanza nalimaliza hapa hapa. Alama hakuna. Mwaka 2006 wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya majaribio mengi yaliyowahusisha waamuzi zaidi ya 24,000, watu waliotakiwa kutenganisha wakweli na waongo kwa kuwatazama na kuwasikiliza tu. Walipatia mara 54 katika 100. Ukirusha shilingi hewani utapatia 50. Mwaka huohuo kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Bond kilitoa majibu ya watu wa nchi mbalimbali duniani walioulizwa wanamjuaje mwongo, na jibu lililoongoza ni la dada wa Kigamboni: hakutazami machoni. Dunia nzima inaamini alama isiyofanya kazi. Kwetu ndiyo kabisa. Nani kati yetu hakufundishwa kuinamisha macho mbele ya baba mkwe? Kijana wa Pemba anayekukodolea macho unapomsemesha si kwamba ni mkweli kuliko wenzake, hakulelewa.

Wala ndoa haimpi mtu jicho la tatu. Steven McCornack na Malcolm Parks walionyesha mwaka 1986 kwamba wapenzi kadiri wanavyozoeana ndivyo kila mmoja anavyokuwa na hakika kwamba mwenzake hawezi kumficha kitu, hakika hiyo humfanya amdhanie mkweli muda wote, na hapo ndipo anapopigwa chenga. Uongo mwingi tunaougundua maishani hatuugundui usoni mwa mtu. Tunaletewa na wengine, au tunaukuta kwenye risiti, tena baada ya siku kupita. Kwa hiyo, dada, yule mpiga debe wa Buguruni amekufaa kuliko macho yote ya mumeo.

Na simu nayo ina lawama zake. Mwaka 2004 Jeff Hancock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwaomba wanafunzi 28 waandike kwa wiki nzima kila mazungumzo waliyofanya na kila uongo waliosema. Kwenye simu, asilimia 37 ya mazungumzo yalikuwa na uongo ndani. Ana kwa ana, 27. Kwenye ujumbe wa papo kwa papo, 21. Kwenye barua pepe, 14 tu. Ukifikiri kidogo utaona mantiki: simu hudai jibu sasa hivi, haiachi maandishi, na haionyeshi ulipo. Barua pepe hubaki pale kama shahidi asiyekufa. "Nipo pantoni" ni mtoto halali wa simu. Wapo wanaodai watumiwe lokesheni kila jioni, lakini hiyo si ndoa tena, ni mahabusu na askari wake.

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya nimwambie mhariri tangu Jumatatu kwamba makala ipo tayari, ilhali haikuwa.

Kila mmoja wetu anaukumbuka uongo wake wa kwanza wa maana. Umetumwa dukani, umebakiza chenji, umeinunulia ubuyu, na sasa umesimama mbele ya mama unasema imedondoka njiani. Viganja vinatoa maji. Moyo unagonga mpaka shingoni. Shavu linawaka. Mama hajasema neno, lakini mwili wako mwenyewe umeshakutoza faini. Kitu kilichomtoka bwana wa Kigamboni ni hicho. Akili yake ipo, na pengine mapenzi yake yapo. Kilichomtoka ni mchomo.

Mchomo huo una fundi wake. Ndani ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande kuna fundo dogo la seli za neva ambalo, likishirikiana na sehemu nyingine, hupiga kengele pale panaponukia hatari au fedheha. Wanasayansi huliita amigdala, neno la Kigiriki lenye maana ya lozi, kwa sababu ya umbo lake. Vitabu vyetu huandika "amigdala" vikapita, nami naona huo ni uvivu. Wagiriki walitumia jina la kitu wanachokitafuna. Sisi nasi lozi tunayo, tunaitia kwenye halua, kwa nini tulitaje fundo letu kwa jina la kubabaisha? Niliwahi kuandika "lozi ya ubongo" zamani kidogo. Mhariri akaikata, akaniambia kuna wasomaji watakaofikiri nasema habari za mlozi, yaani mchawi. Nilicheka, nikanyamaza. Leo naandika tena: lozi.

Mwaka 2016 jarida la Nature Neuroscience lilichapisha utafiti wa Neil Garrett, Stephanie Lazzaro, Dan Ariely na Tali Sharot, uliofanyika University College London. Waliwakusanya watu 80, na 25 kati yao waliingizwa kwenye mashine ya MRI ili lozi zao zitazamwe zikiwa kazini. Mchezo wenyewe ulikuwa mwepesi kama wa watoto. Kuna mtungi wa kioo uliojaa sarafu za peni. Wewe unaonyeshwa picha yake kubwa, safi. Mwenzako aliye chumba kingine anaonyeshwa isiyosaidia sana. Kazi yako ni kumshauri kwa kompyuta kuna pauni ngapi mtungini. Mwanzoni mkikaribia kweli nyote mnapata, kwa hiyo unasema kweli, na watafiti wanajua sasa ukweli wako unafananaje. Kisha masharti yanabadilishwa: mwenzako akitaja hesabu iliyozidi, wewe utalipwa zaidi na yeye atapunjwa. Hakuna aliyekwambia udanganye. Mlango umeachwa wazi tu.

Watu wakapita mlangoni, lakini hawakupita mbio, na hilo ndilo jambo. Walianza na kaongezo ka kama pauni moja. Mchezo ukaendelea, raundi baada ya raundi, na kufikia mwisho nyongeza ilikuwa imefika kama pauni nane. Na lozi? Kwenye uongo wa kwanza iliwaka. Kwenye uongo wa baadaye uliolingana na ule ule, iliwaka kidogo. Halafu kidogo zaidi. Na sasa sikiliza hili, kwa sababu niliposoma mara ya kwanza niliweka kikombe chini: kiasi ambacho lozi ya mtu ilipungua kuwaka kiliwawezesha watafiti kukadiria atazidisha kwa kiasi gani uongo wake utakaofuata. Kengele ikififia sana, uongo unaofuata unaruka juu. Ikififia kidogo, unapanda kidogo.

Wahenga walikuwa wameshayaona matokeo, ndiyo maana wakasema chovya chovya humaliza buyu la asali. Walichokosa ni mashine ya kuonyesha kwa nini kidole hakioni haya mara ya pili.

Hapa nikakwama kwa siku mbili, si kwa sayansi bali kwa neno. Huku kupungua kwa mchomo tukuiteje kwa Kiswahili? "Uzoefu" limeshachukuliwa na matangazo ya kazi, uzoefu wa miaka mitatu na barua mbili za wadhamini. "Mazoea" lina joto; mtu na jirani yake wana mazoea, na mimi sitaki joto hapa. "Kukinai" ni kwa chakula. Nililipenda sana "ganzi", nikalitumia kwenye rasimu ya kwanza, kisha nikakalia mguu wangu kitini nikaona kosa: ganzi huja mara moja, mguu wote, na huondoka kwa sindano sindano baada ya dakika tano. Kilichoonekana London kinakuja polepole, kwa kusuguliwa. Basi neno lipo kwenye hicho hicho kitenzi. Ni sugu.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilipelekwa likizo kwa bibi, Muheza. Siku ya kwanza shambani nilishika jembe kwa majivuno na kufikia saa nne nilikuwa na malengelenge manne kwenye mashina ya vidole. Bibi aliyatazama, akacheka, akaniwekea maji ya chumvi. Siku ya pili yalipasuka, na kila nilipoinua jembe nililia kimoyomoyo. Wiki ya pili ngozi ile ilikuwa imekauka. Wiki ya nne palikuwa na kitu kigumu, cha rangi ya asali, na jembe lilikuwa halinisemeshi tena. Nilijiona nimekuwa mtu mzima. Ngozi ina akili yake: ikisuguliwa mahali pamoja, seli za tabaka la juu huzaana kwa kasi na kurundikana, ili kilicho chini kisiumie.

Lakini mikono ya kutazama ilikuwa ya bibi mwenyewe. Ilikuwa sugu tupu, kutoka kiganja hadi ncha za vidole. Alikuwa anaipua sufuria motoni bila kitambaa. Anaokota kaa la moto lililodondoka, analirudisha jikoni bila haraka, kama mtu anayerudisha embe kapuni. Sisi wajukuu tuliona ni miujiza. Hatukujua bei yake mpaka jioni moja shangazi alipokuja na kitambaa cha hariri alichonunua Tanga mjini, akampa bibi akishike aone kilivyo laini. Bibi alikipitisha kati ya vidole, mara mbili, mara tatu, kisha akakipeleka shavuni. Mikono ilikuwa haimwambii kitu. Ilibidi aulize shavu.

Ndivyo ninavyomwona mtu aliyeota sugu ya uongo. Si kwamba amekuwa katili. Anaipua "nipo pantoni" kutoka motoni kwa mikono mitupu kwa sababu kweli haimchomi, na yule anayemsikiliza, ambaye mikono yake bado ni laini, anashangaa jinsi mtu anavyoweza kushika moto na uso wake ukabaki vile vile. Anadhani mwenzake ana roho ya jiwe. Ana ngozi tu. Na tatizo la ngozi ile ni kwamba haichagui: kidole kisichosikia kaa la moto hakisikii hariri pia.

Rafiki yangu daktari amelalamika kwamba "usugu" ni mali yao, wanautumia kwa vijidudu vinavyokaidi dawa. Namwambia neno ni pana, tukae wote. Kasoro ya kweli ya mfano wangu ni nyingine: kiganja huota sugu kwa kuongeza kitu, tabaka juu ya tabaka, ilhali lozi haiongezi chochote. Inapunguza sauti. Na kwa hili la kupunguza sauti kuna mnyama anayefundisha vizuri kuliko bibi yangu.

Ni konokono wa baharini asiye na kombe kubwa la kujificha, anaitwa Aplysia, na jamaa zake huonekana kwenye madimbwi ya miambani maji yakipwa. Eric Kandel alimsoma kwa miongo, na mwaka 2000 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyoanzia hapo. Konokono huyu ana mrija mdogo wa kupitishia maji. Uguse kwa upole, naye atarudisha ndani haraka kiungo chake cha kupumulia, kama mtu anayeficha pochi. Uguse tena, atarudisha kwa uvivu. Ukifika mguso wa kumi hana habari nawe. Hajachoka, msuli wake ni mzima. Kandel na wenzake walifuata njia ya neva mpaka kwenye maungio, pale ambapo seli inayohisi hunong'oneza seli inayoamuru msuli kwa kumwaga kemikali kidogo, na wakakuta kwamba kila mguso usio na madhara huifanya seli inayohisi imwage kidogo kuliko ilivyomwaga kabla. Ujumbe unatoka, lakini kwa mnong'ono, kisha kwa pumzi tu.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyapenda zaidi. Ukimwacha apumzike, sauti inarudi. Lakini mwaka 1972 ilionyeshwa kwamba ukimgusa mara kumi kwa siku, siku nne mfululizo, usugu ule unadumu hata wiki tatu. Si wingi wa miguso peke yake. Ni kurudi kila siku. Kila jioni, kwa mfano, saa kumi na mbili na nusu. Na kitu kimoja zaidi: ukimpa konokono aliyezoea mshtuko mkali mahali pengine mwilini, mkiani tuseme, ile hofu ya zamani inarudi papo hapo, anaficha kiungo chake kama siku ya kwanza. Wasomaji waliowahi kufumaniwa wataelewa bila maelezo.

Najua: konokono hana mke, mtungi wa peni si ndoa, na watu 25 si Kigamboni yote. Tuendelee.

Kuna sehemu ya jaribio la London ambayo sijaitaja bado. Katika baadhi ya raundi masharti yaligeuzwa: mshauri akizidisha hesabu, mwenzake ndiye atakayefaidi na yeye mwenyewe atapoteza. Watu walidanganya hapo pia, wema haukosi waongo wake. Lakini uongo huo haukukua. Ulianza pale na ukaisha pale. Uliopanda ngazi ni ule ambao mdanganyaji mwenyewe alikuwa na fungu ndani yake.

Linganisha na shajara alizokusanya Bella DePaulo miaka ya 1990 huko Virginia. Wanafunzi 77 na watu 70 wa mjini waliandika uongo wao wa wiki nzima. Wanafunzi walisema uongo kama mara mbili kwa siku, watu wa mjini kama mara moja. Kwa watu wao wa karibu walidanganya kwa nadra zaidi, na walipowadanganya, mara nyingi ulikuwa uongo wa huruma: pilau tamu, gauni limekupendeza, hukukoroma. Mimi uongo huo sitaugombania. Mama mkwe akisema kisamvu changu kina chumvi ya kutosha, na tukatazamana na kopo la maji, tumeelewana.

Basi turudi kwa bwana. Nina hakika ukimwuliza atasema anadanganya ili usiwe na wasiwasi, dada. Tupige hesabu kama watafiti. Uongo wa saa kumi na mbili na nusu unaleta kama saa mbili za bure. Saa hizo amekaa na nani, kwenye kijiwe gani, sijui na sibashiri. Lakini wali uliopoa ni wako, na kupasha moto ni kwako. Fungu lote lipo upande wake. Huo ni ule unaokua.

Ningeishia hapo, nikampa bwana lawama zote nikafunga faili. Ila barua ina ukurasa wa pili, na chini kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo, dada ameandika: "Zamani akinipigia kusema kweli kwamba atachelewa nilikuwa namnunia hata siku mbili, lakini nilishaacha." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Yule kijana mwenye sauti ya kutetemeka alikuwa analeta ukweli, na ukweli ulimgharimu siku mbili. Kisha akajaribu pantoni, mara moja, mchomo ukampata, na ulikwisha baada ya dakika tano. Mtu yeyote anayejua kujumlisha angehamia upande wa pili wa maji.

Kwa hiyo dada, jioni ya leo usimpigie kumwuliza alipo. Swali hilo limeshasuguliwa mpaka halina hisia kwake, jibu litatoka lenyewe kabla hajafikiri. Mwulize: "Niinjike wali saa ngapi?" Akisema saa mbili, injika saa mbili. Na akikwambia bado yupo Buguruni, usinune.